Nilivyostaafu Kazi ya Kuumwa

Wadogo zangu, nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Chekeni kwanza, nitawangoja.

Mmemaliza? Bon. Najua kuna watu wanaostaafu na mvi na kiuno kibovu. Mimi nimestaafu nikiwa na mtihani wa hisabati Jumatatu. Lakini kazi ni kazi, na yangu nimeifanya miaka minne mizima, tangu nilipokuwa na umri wenu, na niliifanya vizuri kuliko wote walionitangulia. Aliyenitangulia ni mmoja tu, binamu yangu, na yeye alikuwa anasinzia kitandani mpaka anakoroma.

Kazi yenyewe ni kuumwa.

Tantine Béatrice, dada ya papa yangu, ni profesa wa uuguzi wa vijijini katika chuo kimoja hapa Kisangani. Anafundisha watu watakaokwenda kufanya kazi mahali ambapo daktari wa karibu yuko siku mbili za pirogi, yaani mtumbwi, na pirogi yenyewe inavuja. Wanafunzi wake wanahitaji mtu wa kujaribia: mtu wa kulala, kukohoa, kulalamika, kubonyezwa tumbo. Mtu huyo anapewa kadi. Kwenye kadi imeandikwa anaumwa nini, tangu lini, na aseme nini akiulizwa. Ndiye anayeitwa mgonjwa wa mfano, na hapa Tshopo, mkoa wetu, mgonjwa wa mfano alikuwa mimi, Gisèle.

Nimeugua malaria mara nyingi kuliko mbu wenyewe. Nimeumwa na nyoka mguu wa kushoto, na siku moja katikati ya mtihani nikajisahau nikaanza kuchechemea kwa mguu wa kulia. Nimejifungua mara sita, mbili kati ya hizo mapacha. Papa huwaambia wageni kwamba mimi ndiye maiti pekee katika mtaa wetu anayemaliza sufuria ya lituma, ndizi za kupondwa, peke yake.

Sasa Tantine anatafuta wawili wa kunirithi, kati yenu mnaosoma mwaka wa saba na wa nane. Ameniambia niwaandikie ninachojua. Amesema pia niandike kwa heshima. Nitajaribu lile la kwanza.

Jambo ambalo hamtalisoma kwenye kadi ni hili: mgonjwa wa kijijini hatoi ugonjwa wake mara moja. Kabla ya kuwa profesa, Tantine alikuwa muuguzi miaka mingi kwenye kituo kimoja mbele ya Bengamisa, unaacha barabara ya Banalia unaingia msituni. Alikuwa peke yake, na kabati moja la dawa, na jiko la kuchemshia sindano, maana siku hizo sindano zilichemshwa kama viazi. Kulikuwa na mzee aliyemjia siku tatu mfululizo kuomba dawa ya kichwa. Siku ya nne, Tantine alipokuwa ameshafunga kabati na funguo ziko mkononi, mzee akasema akiwa mlangoni, kama mtu anayeaga: “Na tena, mama, toka juzi sikojoi.”

Kwa hiyo Tantine alinifundisha kuficha. Maumivu makubwa usiyatoe mpaka mwanafunzi aweke kalamu chini na kukutazama usoni. Kuna wanafunzi ambao hawaweki kalamu chini. Mmoja aliandika, akaandika, mpaka dakika za ugonjwa wangu zikaisha, nikafa. Tantine akamwambia, “Mgonjwa wako amefariki.” Yule bwana hakuinua kichwa. “Nakuya, Mama Profesa, niko page ya pili.”

Jueni pia kwamba kijijini anayeumwa siye anayesema. Anasema mama mkwe. Kwa masomo hayo Tantine alikuwa anamwomba jirani yetu, mama muuza samaki wa familia za wavuvi pale kwenye maporomoko, aje kukaa kando ya kitanda changu. Mama yule hakuhitaji kadi. Mwanafunzi akiniuliza jina langu, anajibu yeye. Akiniuliza kama nimekula, anajibu yeye, na anaongeza kwamba mimi ni mvivu na mwanawe alioa vibaya. Mwanafunzi mmoja kutoka mjini alithubutu kumwambia, “Mama, toka kidogo nje.” Alipigwa kwa kapu. Tantine aliandika ubaoni: *Mama mkwe hatolewi nje. Anapewa kazi.* Tangu siku hiyo wanafunzi wakajifunza kumtuma kuchota maji, na mimi nikapata nafasi ya kusema.

Mengine ni ufundi wa mwili. Pumzi za haraka mtu anazifanya kwa kuhesabu kimoyomoyo, na asizidishe, mimi nilizidisha nikazimia kweli na wanafunzi wakanipigia makofi. Jasho ni maji na mafuta kidogo ya mawese yaliyochujwa, kwenye paji la uso tu, siyo kwenye nguo, Papa ndiye anayenunua sabuni. Machozi mtakuwa nayo mkiishi na Tantine.

Kitu kimoja hamtakiweza, ni homa. Ngozi haichezi. Mwaka wangu wa kwanza nilijaribu. Nilichovya kipimajoto kwenye kikombe cha chai ya Tantine, nikakirudisha kwapani nikamwita mwanafunzi. Akakisoma, akakisoma tena, akaniambia taratibu, “Dada, kwa hii umeshaiva.” Baada ya hapo Tantine aliweka sheria: mgonjwa hachezi homa. Mwanafunzi anauliza, “Joto?” na mtahini anamsomea namba kutoka kwenye kadi. Ilikuwa sheria nzuri. Ilifanya mitihani iende haraka. Na polepole, bila mtu yeyote kuona, wanafunzi wakaacha kunigusa. Wanasimama mwisho wa kitanda, wanauliza, “Joto?” wanaandika. Tantine, ambaye zamani vipimajoto vyake vyote vilivunjika kwenye mashimo ya barabara akabaki na mgongo wa mkono wake tu, yeye mwenyewe hakuona.

Kabla sijafika kwenye lililoniondoa kazini, niwaambie la Bengamisa, kwa sababu mtalisikia kwa wengine na wanaliharibu.

Tulikuwa pale na wanafunzi wa mwaka wa pili, kwenye kituo cha afya, na kadi yangu ilisema mimba ya miezi minane. Mimba ilikuwa mto wa kitandani, na kitenge kimefungwa juu yake vizuri sana. Saa ya mapumziko njaa ikanishika, nikavuka barabara kwenda kununua mikate, ile ya kukaangwa, nikasahau kwamba nina mimba. Mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Kivu anayeuza chumvi na sabuni, akainuka akanipa kiti chake.

“Una miaka ngapi, mama?”

“Kumi na tano.”

“Yezu! Na bwana iko wapi?”

Mdomo ulikuwa umejaa mikate. Nikasema neno la kwanza lililonijia: “Hakuna bwana. Iko ya Tantine, saa kumi namurudishia.”

Yule mama alinishika kichwa akaniombea palepale, kwa sauti, na wauzaji wa mihogo wakaitikia amina. Barabara ile ina pikipiki nyingi na kila pikipiki ina mdomo. Tuliporudi Kisangani jioni, nilimkuta Papa sebuleni na makatekista wawili na mama wa kwaya, wamekuja kumfariji. Papa akanitazama tumbo. Akanitazama uso. Akauliza, “Mto wangu iko wapi?”

Basi, ndivyo nilivyoishi. Nilidhani kazi yangu ni kuchekesha, na kuumwa ni kisingizio. Hapo ndipo anapoingia Yaya Faustin.

Yaya, kwa msomaji ambaye hakukulia hapa, ni kaka mkubwa, na Faustin alistahili, alikuwa amewazidi wenzake darasani kwa miaka kumi na zaidi. Alitoka kijiji kimoja chini ya Yanonge: unashuka kwenye baleinière, lile boti kubwa la mbao, halafu unaingia mto mdogo kwa pirogi. Kule alikuwa msaidizi wa muuguzi mzee, akifagia, akifunga vidonda, akipokea watoto wanaozaliwa, yote hayo bila yeye kuwa na cheti chochote, mpaka watu wa kijiji wakakaa wakaamua aende akasome. Darasani alikuwa anaandika polepole, na akiingia kwenye chumba cha mgonjwa anapiga hodi hata kama mlango ni pazia.

Siku ya mtihani wake wa mwisho, kadi yangu ilikuwa ya mwanamke mwenye mimba kubwa, kichwa kinamuuma tangu jana, anaona nyota machoni, miguu imevimba. Dawa ya mtihani ule ni moja: pima presha ya damu. Usipopima, mama anaanguka kifafa, anakufa na mtoto. Watahini walikuwa Tantine na daktari mmoja kutoka mjini, tuliyemwita Docteur tu, mtu wa viatu vinavyong'aa. Nyuma ya pazia alikaa rafiki yangu Nadège na kengele ya kuhesabia dakika. Nadège ni mtu anayecheka hata kwenye matanga.

Wanafunzi watano walikuwa wameshapita. Wote waliuliza maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, na mimi nilikuwa nimechoka kama redio inayorudia tangazo moja. Alipoingia Faustin, nikaamua kumpa Nadège zawadi.

“Ulianza kuumwa lini, mama?”

Kadi ilisema: tangu jana asubuhi. Mimi nikasema: “Toka mke mwenzangu aniletee sahani ya mbinzo.”

Mbinzo ni viwavi vya kukaanga, ni vitamu, na havina kosa lolote. Nyuma ya pazia nikasikia Nadège anapiga chafya ya uongo.

Mwanafunzi wa mjini angeruka hilo neno, angeendelea na orodha yake. Faustin aliweka kalamu chini. Akasogeza kigoda karibu na kitanda.

“Mke mwenzako mnakaa naye?”

“Mlango kwa mlango, munganga.”

“Mulikula pamoja?”

“Yeye alisema ameshiba.”

Chafya ya pili. Faustin akaniuliza nani mwingine alikula. Nikazaa watoto wanne palepale, nikawapa majina. Akauliza kama wanatapika. Nikasema watatu wanacheza, ila kale kadogo kamelala, kanatazama dari tu.

Akasimama. “Kako wapi?”

Kengele ikalia. Mashine ya presha ilikuwa palepale mezani, hajaigusa. Kwenye karatasi ya Docteur mama alikufa, na mtoto wake tumboni alikufa.

Mimi na Nadège tulicheka uani mpaka tukakaa chini. Nilikuwa na mkate mkononi niliposikia Tantine na Docteur wanazungumza kwenye veranda.

“Mzee wa kituo cha kwao haoni tena,” Tantine alikuwa anasema. “Anaita watoto wa shule wamusomee chupa za dawa.”

“Donc, unataka nifanye nini? Mgonjwa amekufa.”

“Najua amekufa.”

“Iko session ya pili. Akianguka tena, arudie mwaka.”

“Na ule mwaka, Docteur, mzee atakuwa anawapa watu nini?”

Nikauweka mkate chini. Niliwaza mtoto wa shule wa miaka minane, anayesoma kwa kufuata kidole, anaambiwa na babu kipofu, hebu nisomee hii. Mimi nikiwa na umri huo niliwasomea watu wa nyumbani barua ya mjomba nikaruka mstari mzima.

Ningeingia pale veranda nikasema ukweli, yote yangekwisha siku ileile. Sikuingia. Niliogopa uso wa Tantine, na niliogopa kunyang'anywa kazi, maana bila kazi ile mimi nilikuwa nani, msichana mwenye hisabati mbaya. Nikakaa kimya wiki tano. Wiki zote tano nilimkuta Faustin uani anasoma kwa sauti ya chini, na kila nikipita ananisalimia kwa upole kabisa: “Mama wa watoto wane, habari ya nyumbani?” Hakuninunia. Angeninunia ningelala vizuri.

Ikafika session ya pili, mtihani wa marudio. Kadi ilikuwa ya apendisiti, na mimi nikawa na mpango. Nitakuwa mgonjwa bora kuliko wote waliowahi kulala Kisangani. Nitajibu kila swali kama lilivyoandikwa. Na akisitasita, nitamnong'oneza.

Asubuhi ya siku hiyo niliamka kichwa kinatwangwa kama pondu, majani ya mihogo. Jua lilikuwa kali na mimi natetemeka. Papa akanitazama nikikumbatia kikombe.

“Unaumwa?”

“Hapana, Papa. Nafanya mazoezi.”

“Aa. Leo unafanya muzuri sana,” akasema, akaenda kazini.

Ningesema naumwa, wangeleta binamu yangu anayesinzia, na Faustin angeanguka kwa sababu mgonjwa amelala. Kwa hiyo nikapanda toleka, ile baiskeli ya abiria, nikamshika mwendeshaji kiuno kwa nguvu mpaka akaniuliza kama tunajuana.

Nilipolazwa kitandani, Docteur na Tantine walikuwa wameshakaa. Faustin akapiga hodi kwenye pazia. Akanawa mikono, akanisalimia. Docteur alikuwa ameshafungua mdomo kusoma joto kwenye kadi. Faustin hakuuliza joto. Akaweka mgongo wa mkono kwenye paji langu, akausogeza shingoni, akaurudisha kwenye paji.

Nikamnong'oneza: “Yaya, iko tumbo. Chini, kuume.”

“Nyamaza.”

“Bonyeza halafu uachilie haraka, nitalia. Sema apendisiti, twende nyumbani.”

“Gisèle.” Hakuwa amewahi kuniita jina langu mtihanini. “Umekula asubuhi?”

“Kadi haisemi.”

“Siulizi kadi.”

Akageuka. “Mama Profesa, nasimamisha mtihani. Huyu mutoto iko na homa ya kweli.”

Docteur akacheka. “Huyu? Huyu iko na homa kila Jumanne. Endelea, dakika zinapita.”

“Yaya, endelea,” nikasema, na sasa nilikuwa nalia, nalia kabisa, kwa sababu nilimwona anaanguka mara ya pili na tena kwa ajili yangu.

“Unaona?” Docteur akasema. “Ata machozi ameshaandaa. Artiste!”

Faustin alisimama wima, mikono pembeni, kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu. “Docteur, uniandikie sufuri. Lakini naomba kipimo cha malaria.”

Tantine aliinuka. Akaja akanigusa, kwa mkono uleule alioutumia miaka yote mbele ya Bengamisa, na nikaona uso wake unabadilika. Akasema tu, “Leteni.” Mimi nikageuka upande ili nimwambie kwamba kadi inasema apendisiti, na badala ya maneno ikatoka chai yote ya asubuhi, juu ya viatu vya Docteur.

“Ile,” nikasikia Nadège nyuma ya pazia, “haiko kwenye kadi.”

Faustin akanichoma kidole. Mstari wa pili wa kipimo, ule wa malaria, ulitokea upesi, mwekundu, kama ulikuwa unangojea kuulizwa. Akaanza kunihesabia vidonge huku kengele inalia, na hakusikia kengele.

Kesho yake mchana nilikuwa kwenye kitanda cha Tantine, nina nguvu ya kusema tu. Nikasema. Mbinzo, mke mwenza, Nadège, watoto wanne, kale kanakotazama dari. Nilitegemea kelele. Tantine amewahi kunipigia kelele kwa sababu ya kijiko.

Hakupiga kelele. Alikunja kitenge kilichokuwa mikononi mwake, akakikunjua, akakikunja tena.

“Mimi nimewahi kumuona mutoto anayetazama dari,” akasema. “Mama yake alizungumza naye njia nzima akifikiri anamusikia.”

Akatoka. Akarudi na Docteur, amevaa viatu vingine, na nikasema yote tena mbele yake toka mwanzo, bila kuruka mstari. Wadogo zangu, nimejifungua mapacha mara mbili mbele ya watu arobaini na sikuwahi kuona aibu kama ile.

Jopo lilikaa. Nadège, ambaye masikio yake hufanya kazi hata yakiwa nyuma ya ukuta, alinieleza. Mmoja wa walimu alisema sheria ni sheria, kadi ilikuwa ya apendisiti na mwanafunzi hakufika kwenye apendisiti. Docteur ndiye aliyejibu. Alisema: “Mimi ni daktari, nilikaa mita mbili na mutoto mwenye homa, nikamusomea joto lake kwenye karatasi. Kama Faustin ameanguka, mimi niko chini yake.” Wakampitisha. Maksi hazikuwa za kuweka ukutani, lakini alipita.

Kisha Tantine akanigeukia mimi. “Umestaafu. Kuanzia leo.”

“Kwa sababu nilidanganya?”

“Kwa ile nitakupa adhabu yake. Umestaafu kwa sababu ulikuwa unawaka moto, na papa yako hakukuamini, na Docteur hakukuamini, na mimi nilikuwa nimekaa pale na kalamu. Mutu akifika pale anaacha kazi.”

Adhabu ilikuwa kufua mashuka ya chumba cha mazoezi miezi miwili, na nimeshaimaliza. Sheria ya kadi imebadilishwa. Sasa hakuna mwanafunzi anayesomewa joto kabla hajaweka mkono wake juu ya mgonjwa, kwa hiyo ninyi mtakaonirithi zoeeni mikono ya baridi, hasa ya asubuhi.

Msidhani ninalalamika. Nimeshikwa na watu wengi ambao leo wako peke yao mahali ambapo simu inakamata ukipanda juu ya mti, na wengi wao, kabla ya kunibonyeza tumbo, walisema pole. Wengine waliniambia pole ingawa walijua siumwi. Nawashukuru hao. Namshukuru Tantine aliyenipa kazi wakati walimu wengine walikuwa wananipa kona ya kusimama. Namshukuru hata mama wa Bengamisa. Kiti chake kilikuwa kizuri, na maombi sijui, labda yalinisaidia baadaye.

Yaya Faustin aliondoka wiki iliyofuata. Nilikwenda kumuaga pale mtoni baleinière zinapopakia. Ile yake ilikuwa imejaa mpaka juu, magunia, mbuzi, godoro, akina mama wameshakaa juu ya mizigo yao wamefungua miavuli. Nahodha alikuwa anapiga honi. Faustin alikuwa na sanduku moja la bati, limefungwa kwa kamba.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Yalitoka vibaya. Nikasema mbinzo, nikasema Nadège, nikasema nisamehe.

“Mama Profesa ameshanieleza,” akasema.

“Na hukukasirika?”

“Nilikasirika. Siku mbili.” Akafikiri. “Ata siku ile nilisikia mutu anacheka nyuma ya pazia. Nikasema, labda huyu anacheza. Alafu nikasema, na kama hachezi?”

Honi tena. Akina mama wakaanza kumwita. Yeye akanitazama, akanigusa paji kwa mgongo wa mkono, pale pale mbele ya boti zima, na watu wengine wakacheka.

“Imeisha kabisa? Sema kweli.”

Ilikuwa rahisi kusema imeisha. Lakini alikuwa ameniuliza, kwa hiyo nikajibu: “Homa imeisha. Kichwa bado kinauma, nikisimama ghafula naona giza kidogo.”

Faustin akaweka sanduku chini, akachuchumaa kwenye matope, akaanza kufungua kamba.

“Munganga!” nahodha akapiga kelele. “Tunakuacha! Nasema tunakuacha!”

“Ngojeni,” Faustin akasema bila kugeuka, akitafuta mashine ya presha chini ya mashati. “Niko na mugonjwa.”